Disketi za Birere

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Gisenyi na mifuko miwili ya nguo, sufuria ambayo hakumwamini mtu mwingine kuiosha, na kompyuta mpakato ya zamani iliyofungwa ndani ya kitenge. Karibu maisha yake yote alikuwa ameishi Goma, ng'ambo ya mpaka. Huko alikuwa mpiga chapa, au dactylo kama anavyopenda kujiita mwenyewe, katika ofisi ya wakala wa mizigo. Ofisi ilipofungwa walimwachia kompyuta aliyokuwa akiitumia, akaitunza kama watu wengine wanavyotunza cherehani. Baadaye baba mkwe alifariki, macho ya Mama yakaanza kumsumbua, na mume wangu akavuka mpaka kwenda kumchukua.

Mwaka wa kwanza tuliishi kwa heshima nyingi na maneno machache. Mimi nililelewa Mwanza, na Kinyarwanda changu ni cha sokoni. Nikitaka kusema jambo la moyoni kinaniishia njiani. Chake kimejaa Kifaransa. Kwa hiyo tukajikuta tunazungumza Kiswahili, mimi cha kwetu na yeye cha Goma, na hata hicho tulikitumia kuulizana kama chai ina sukari ya kutosha.

Siku moja ya Jumamosi aliiweka ile kompyuta mezani, mbele ya sahani yangu, akakifungua kitenge taratibu.

"Mukazana wangu," akasema, yaani mke wa mwanawe, "we unatengeneza ma-ordinateur ya watu kule Mahoko. Hii ya kwangu utaiangalia siku gani?"

Kweli ndiyo kazi yangu. Ninashughulikia kompyuta za ushirika wa wakulima wa viazi, na ofisi yetu iko Mahoko.

"Unataka kuifanyia nini, Mama?"

"Kuandika."

"Kuandika nini?"

"Bon, sijue bado. Vidole njo vinataka."

Mume wangu alicheka. Alikuwa amemnunulia kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole, na Mama aliirudisha kabla jua halijazama. Kwanza, alisema, kile kioo cheupe kilimtoa machozi. Pili, hakikuwa na vitufe. "Nitapiga nini hapa? Nitapangusa tu kama mutu anafuta meza?" Lakini kwenye mashine yake ya zamani, alituambia, herufi zilikuwa kubwa, nyeupe, na nyuma yake kulikuwa kweusi. Hizo alikuwa na hakika angeziona.

Niliiwasha. Feni ililia, kioo kikapata mwanga hafifu, kisha kutoka ndani nikasikia tik, tik, tik. Diski ngumu ilikuwa imekufa. Hilo halikunitisha. Nilitoa diski ile nikaweka mahali pake kadi ndogo ya kumbukumbu, ya aina inayotumika kwenye kamera, juu ya kishikizo chake. Mashine ikaitambua papo hapo, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Shida ikawa namna ya kuingiza mfumo mpya. Sikuwa na kifaa cha kuijazia kadi ile nje ya mashine, na mashine yenyewe haikuwa na mahali pa CD wala tundu la flashi. Ilikuwa na upenyo mmoja tu ubavuni, wa disketi, yale mabamba ya plastiki ya mraba ambayo vijana wa leo wanayajua kama alama ya kuhifadhi faili. Nilichagua mfumo wa jamii ya Unix, toleo la zamani. Mfumo wa namna hiyo unaridhika na kumbukumbu kidogo, haudai picha wala madirisha, na unakubali kukaa kwenye kioo cheusi chenye herufi nyeupe za ukubwa unaotaka. Nakala zake za kuandika kwenye disketi bado zimo mtandaoni: disketi ya kwanza ni ya kuwashia, ya pili ina mfumo mdogo wa kuanzia kazi, na zinazofuata zimebeba mfumo wenyewe, umekatwa vipande vipande.

Sikujua pa kupata disketi. Jirani yetu huvuka mpaka kila asubuhi na kabichi na maziwa, akarudi mchana na vitenge. Nilimuuliza yeye.

"Disquette?" akashangaa. "Ile ya zamani? Dada, hiyo vitu iko kwa musée, kwa makumbusho!"

Lakini ni mtu asiyeshindwa na soko. Baada ya siku chache alibisha mlangoni na katoni kichwani. Alikuwa amezikuta Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, kwa mtoa fotokopi aliyekuwa akizitumia kuwekea vikombe vya chai. Kadhaa zilikuwa na duara la kahawia juu ya lebo. Katika stoo ya ofisi yetu nilipata kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwenye kompyuta ya kisasa, na jioni moja baada ya nyingine nikaziandika, nikitupa zile zilizokuwa na ukungu.

Tulianza Jumapili alasiri, baada ya kanisa. Mama alikuwa bado amevaa nguo zake za ibada. Alizipanga disketi mapajani, kila moja na namba kubwa aliyoiandika kwa kalamu nene, akasema kazi ya kuziingiza ni yake na mimi nikae kwenye vitufe.

"Ya kwanza," nikasema.

Akaisukuma ndani. Mashine ilinguruma, taa ndogo ya kijani ikawaka, halafu mistari ya maandishi ikaanza kupanda kwenye kioo, mmoja juu ya mwingine. Mama alivuta kiti karibu mpaka goti lake likagusa langu.

"Naona," akasema. Kisha kwa sauti ya juu zaidi, "Ninaona! Mukazana, iko andikwa *memory*!" Alilisoma kwa lafudhi ya Kifaransa, kisha akasoma neno lililofuata, na lililofuata, maneno ya mashine ambayo hata mimi sikuwa na haja ya kuyajua, mpaka mume wangu akaja kutoka chumbani kuona kuna nini. Nilikuwa sijawahi kumwona mama mkwe wangu akisoma chochote.

Mashine ikaomba disketi ya pili. Aliiingiza. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kusoma.

Niliiandika upya kwenye disketi nyingine, ikashindwa vilevile. Hapo nikahisi kwamba kichwa cha kusomea, kile kidude kidogo kinachopita juu ya disketi, kilikuwa na uchafu wa miaka. Kesho yake nilipita duka la dawa kununua spiriti na vijiti vya pamba.

"Kidonda kiko wapi?" muuzaji akaniuliza.

"Kwenye kompyuta."

Alinitazama usoni kuona kama namtania, kisha akanipa chupa.

Kijiti cha kwanza kilitoka cheusi kama kilichopitishwa ndani ya chungu. Cha tatu kilitoka kijivu. Tulipojaribu tena, disketi ya pili, ambayo kama ya kwanza haikuwa imejaa, ilisoma hadi mwisho bila kukwaruza, na Mama akapiga kofi moja. Programu ya kuweka mfumo ikafunguka. Nilijibu maswali yake, mengi yalikuwa ya kubonyeza kitufe kimoja tu. Ikaniomba neno la siri, nikaandika *amahoro*, kwa kuwa ni neno ambalo Mama hawezi kulisahau. Ni salamu yake ya kila asubuhi, yaani amani. Ikaniuliza aina ya kibodi, nikachagua ya Kifaransa. Kisha ikaanza kuomba vipande vya mfumo wenyewe.

Kipande cha kwanza kikaanza vizuri. Kikaenda, kikaenda, halafu karibu na mwisho mashine ikakwaruza na kukataa. Tukajaribu kipande hicho kwenye disketi nyingine: kikakataa karibu na mwisho. Nikasafisha kichwa tena: karibu na mwisho. Jioni zile tulikula mezani tukiwa tumezungukwa na disketi, na mume wangu alilazimika kuziomba ruhusa kabla ya kuweka sahani.

Katika kusubirisubiri huko ndipo tulipoanza kuzungumza. Mashine inaposoma disketi hakuna la kufanya ila kukaa. Mama alinisimulia jinsi alivyojifunza kupiga chapa kwa watawa, na mikono yake ilivyofunikwa kwa kitambaa ili asitazame vitufe. Alinisimulia kuhusu bosi aliyekuwa akimtamkia barua huku akitembea mpaka nje ya ofisi, naye akabaki akikisia mwisho wa sentensi. Mimi nikamsimulia habari za mama yangu, aliyebaki Mwanza, na jinsi alivyolia nilipopanda basi kuja huku kuolewa na mtu ambaye alimwona mara mbili. Mama alinisikiliza kwa makini.

"Mi ningelia pia," akasema. "Mutoto wa kike kwenda mbali vile." Tangu siku hiyo alianza kuniuliza habari za mama yangu kwa jina la heshima, kama dada yake.

Lakini disketi zilikataa, na jioni moja akaziweka zote kwenye katoni.

"Tuache, mukazana. Kitu ikikufa, imekufa. Umejaribu sana. Mi nimeshasoma kidogo, nimefurahi."

Niliona kwamba anasema hivyo kwa ajili yangu. Nilimwomba aniachie katoni kwa muda, nikaenda nayo kazini. Huko niliichukua disketi iliyokataliwa nyumbani nikaiweka kwenye kile kisomeo kilichoiandika. Ikasoma yote, mwanzo hadi mwisho, bila kusita. Nikachukua ya pili, nayo hivyohivyo. Basi disketi zilikuwa nzima. Kisomeo cha ofisi kilikuwa kizima. Na cha mashine ya Mama kilisoma sehemu kubwa ya kila disketi, kwa hiyo nacho hakikuwa kibovu. Vyote vizima, na bado havielewani.

Nilikaa nikakumbuka jambo nililowahi kusoma nikiwa chuoni. Kichwa cha kisomeo kikiwa kimekaa upande kidogo tu, kitaandika njia zake, yaani mizunguko ya data, upande vilevile, na kitazisoma vizuri maana kosa ni lake mwenyewe. Kisomeo kingine kitahangaika kuzifuata, na kitazipoteza ndani kabisa, karibu na kitovu, ambako data zinabanana na ambako disketi humalizikia. Ndiyo maana kila mara mambo yaliharibika karibu na mwisho. Sikuhitaji disketi nyingine. Nilihitaji kisomeo kingine cha kuziandikia.

Nilimpigia simu karani wa shule moja ya sekondari huko Mudende, mama mmoja mchangamfu ambaye huja ofisini kwetu kwa ajili ya viazi vya jikoni la shule. Nilikumbuka aliwahi kulalamika kwamba kompyuta yake ya mezani ni ya zamani mpaka bado ina "kile kimdomo".

"Kimdomo kipo," akasema. "Sijui kama kinatafuna. Njoo ujaribu."

Mama alipojua ninakwenda, alikwisha kuvaa sweta mbili kabla sijamaliza kumwambia. Tukapanda gari la ushirika lililokuwa linakwenda kuchukua viazi, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na magunia matupu. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na tulipofika ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye ukungu mpaka kifuani.

Kompyuta ya karani ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na tundu la flashi ilikuwa nalo. Nilichomeka flashi yangu, nikaingiza disketi, na kile kimdomo kikatafuna. Tukawa tumefika katikati ya kazi umeme ulipokatika. Karani hakushangaa hata kidogo. Alileta viazi vya kuchemsha na maziwa ya moto, tukakaa. Yeye na Mama walikuwa wameshajuana kuliko mimi ninavyojuana na yeyote kati yao. Walizungumzia viti vibaya, maumivu ya shingo, na wakubwa wasiojua kumalizia sentensi.

Mama hakuweza kuviacha vile vitufe. Alisogea kwenye kibodi ya mashine iliyozimika, akanyoosha vidole, akaanza kupiga kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake. Ghafla akasimama.

"Mbona A yenu haiko kwake?"

"Iko hapo, chini ya Q," karani akamwonyesha.

"Hapana! Hapo njo pa Q. Mumezihamisha!"

Karani alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alimweleza kwamba kibodi yake ni ya Kiingereza, na herufi kadhaa hukaa mahali tofauti. Mama alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kuhusu nyumba yenye mlango juu ya paa.

Umeme ulirudi, nikamaliza. Tulishuka na disketi zetu na gunia la viazi, maana karani alikataa katakata tuondoke mikono mitupu.

Siku iliyofuata tulianza upya kutoka disketi ya kwanza, maswali yote, neno la siri, kibodi. Kisha vipande. Kipande cha kwanza kilipokaribia mwisho Mama alinishika mkono. Kikapita. Akaniachia, akachukua cha pili. Kikapita. Alasiri yote tulifanya hivyo, yeye akiingiza na kutoa, akiziweka zilizokwisha upande wa kulia kwa mpangilio, bila kuniruhusu niguse hata moja. Mume wangu alipika siku ile, na hakuna aliyelalamika. Disketi ya mwisho ilipotoka, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe kutoka kwenye kadi, bila disketi yoyote, ikauliza ni nani anayetaka kuingia.

Niliandika jina la msimamizi. Ikaomba neno la siri. *Amahoro*. Ikakataa.

Nikaandika polepole zaidi. Ikakataa. Kwa kuwa neno la siri halionekani linapoandikwa, sikuweza kujua nimekosea wapi. Mama akauliza kama haitasaidia kuiombea. Nikamwambia aiombee, mimi nikaenda kuosha vyombo.

Nilikuwa na sahani mkononi nilipomkumbuka pale Mudende akigomba na ile A. Programu iliniomba neno la siri kwanza, na aina ya kibodi ikaja baadaye, tena ikaanza kufanya kazi mashine ilipowashwa upya. Kwa hiyo nilipokuwa nikiandika *amahoro*, vitufe vilikuwa vya Kifaransa lakini mashine iliamini ni vya Kiingereza. Nilibonyeza A, yenyewe ikapokea Q. Nilibonyeza M, ikapokea nukta mkato.

Nilirudi mezani mikono ikidondosha maji. Nikaandika q, nukta mkato, q, kisha *horo*. Mlango ukafunguka.

"Imekubali?" Mama akauliza.

"Imekubali."

"Donc ni maombi," akasema.

Nilibadilisha neno la siri, nikazikuza herufi mpaka mstari mmoja ukabeba maneno machache tu, nikafungua programu ya kuandikia. Kisha nikamwachia kiti. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaiweka juu ya vitufe bila kuvitazama. Mistari ya kwanza ilitoka kwa kasi mpaka nikadhani alikuwa ameipanga kwa muda mrefu. Nilipoinama kusoma nikakuta ni Kifaransa, maana yake: *Bwana Mkurugenzi, tuna heshima ya kukujulisha kwamba mizigo yako imefika.*

Alitazama alichoandika, akaweka mkono mdomoni, akacheka mpaka machozi.

"Vidole! Beko bado kwa kazi!" akasema, yaani vingali kazini.

Sasa ni miezi kadhaa imepita. Kila asubuhi baada ya chai huandika. Kwanza alianza na nyimbo za Kiswahili za kwaya ya wamama, kwa herufi kubwa, kwa sababu kuna wenzake wasioweza tena kusoma vitabu vidogo vya kanisani. Ananipa disketi, ninamkabidhi karani wa Mudende, ambaye kimdomo chake kinaelewana na mashine ya Mama, anapokuja Mahoko au ninapopanda huko na gari la viazi, naye anaichapa. Karani husoma kwanza, na mara nyingi ananirudishia salamu iliyoandikwa mwishoni, nayo Mama huijibu kwenye disketi inayofuata. Wawili hao wameonana mara mbili tu tangu siku ile, lakini wanajuana habari za watoto wote.

Juzi nilipotoka kazini nilimkuta ameandika ukurasa mzima ambao haukuwa wimbo. Ulieleza jinsi ya kupika sombe, yaani kisamvu, kwa namna ya kwao, maelezo marefu yenye ugomvi ndani yake kuhusu watu wanaotia nyanya. Juu kabisa alikuwa ameandika kwamba ni kwa ajili ya mama wa mukazana, Mwanza.

"Utamutumia?" akaniuliza. "Kwa simu yako, upige picha."

Nilipiga picha ya kioo. Mama yangu alijibu kabla hatujamaliza kula, kwa ujumbe wa sauti. Alisema ahsante, mapishi ameyaelewa, isipokuwa kwenye suala la nyanya yeye anaona tofauti, na angependa kulieleza. Mama mkwe aliusikiliza mara mbili, akasukuma sahani pembeni, akawasha mashine.